Moyo Upande wa Kulia

Nafundisha biolojia Mushasha, Gitega, na nina ugonjwa mmoja: nikipenda kitu, nawachosha watu wote nacho. Mwaka ule nilimpenda samaki pundamilia, kisamaki cha mistari ambacho yai lake linaonyesha kila kitu kilicho ndani. Mwalimu mwenzangu alinitumia filamu ya yai hilo kwenye simu, nikaitazama hadi ikaniingia ndotoni. Karibu na mkia, seli chache zinakusanyika na kugusana. Katikati yao bado hapana nafasi, lakini vinywele vimeshaanza kuchipua ndani ya seli. Kisha panafunguka uwazi mdogo wenye maji, vinywele vinajinyoosha humo na kuanza kuzunguka. Maji yanasukumwa kushoto, na hapo mwili unajua moyo ukae upande gani. Hata sisi tulipitia kijidimbwi cha namna hiyo, tukiwa wadogo kuliko punje ya ulezi.

Mdogo wangu alijifungua mtoto wake wa tatu Muyinga, alikoolewa na fundi cherehani. Siku ya saba ikapita bila akika, mtoto hana jina. Mama mkwe wake ndiye aliyeahirisha, kwa sababu muuguzi alipima kifua cha mtoto akasema mapigo hayasikiki vizuri. Nikapanda gari asubuhi. Vilima vilipita ndani ya ukungu, nami nusu usingizini nikaona kila bonde ni uwazi unaofunguka.

Mdogo wangu alikuwa akimchukua mtoto ili kumnyonyesha tu, kisha anamrudisha kitandani haraka. Mkwewe alisema mbele yangu, bila haya:

“Mi nilimwambia asilale vibaya na mimba. We ona sasa, roho ya mtoto iko inapiga mbali.”

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nikainama, nikaweka sikio kushoto, kama walivyofanya wote. Kweli, ilikuwa mbali. Nikaogopa sana. Nikasogeza sikio kulia, na pale moyo ukanipiga shavuni.

Badala ya kusema hivyo tu, nikaanza somo: vinywele, uwazi, maji, huenda ya huyu yalikwenda kinyume.

“Sasa mujukuu wangu ni samaki?” akauliza bibi. Nilistahili.

Hospitalini walimpima kwa ekografi, mashine inayoonyesha viungo vya ndani. Moyo kulia, ini kushoto, vyote vimegeuka pamoja, na vyote vizima. Daktari alimwambia mdogo wangu kwamba hakukosea kulala wala kula. Mkwewe hakuomba radhi, ila alikwenda mwenyewe sokoni kuchagua mbuzi wa akika.

Mdogo wangu bado alikuwa anasitasita kumbeba. Tuliporudi nyumbani alikaa kwenye mkeka, akamchukua mtoto na kumweka wima, kifua kwa kifua.

“Dada,” akasema, machozi yakimtiririka, “wale wawili wa kwanza niliwabeba hivi hivi, mioyo yao ikawa upande mwingine. Huyu wake unapiga juu ya wangu.”