Mwanga, Redio na Viazi vya Udongo Mwekundu

Ukimpelekea Namalwa viazi sokoni Elburgon, hakuulizi umevitoa wapi. Anakwaruza kimoja kwa ukucha, ananusa udongo, kisha anakutajia shamba mwenyewe, na bei uliyokuja nayo anaikata hapo hapo. Alizaliwa Nakuru kwenye nyumba za reli, mtoto wa fundi wa mabehewa, na hakurithi shamba wala duka. Alianza na debe moja. Siku hizi malori yanamngoja yeye.

Mara moja tu alitapeliwa, na alipigwa kibroka, kwa ujanja wa madalali. Asubuhi ya mawingu, lori lilishuka kutoka upande wa Mau na viazi vya udongo mwekundu, vile wanavyogombania wanunuzi wa Nairobi. Saa moja baadaye ukaja mkokoteni wa punda kwa barabara ile ile, na viazi vyekundu vile vile.

"Mathe, ni shamba moja," mwenye punda akasema. "Lori ndilo lina haraka."

Namalwa akanunua bila kukwaruza. Mchana mvua ikanyesha, wekundu ukatiririka kwenye magunia, na chini yake kukawa na udongo mweusi wa bondeni. Viazi vya punda vilikuwa vimepakwa wekundu.

Sasa, Jumamosi moja mwaka huu, Fancy, binti wa kaka yake, anayesomea fizikia chuoni Njoro, alikuja sokoni kwa shangazi yake na laptopu, akakaa juu ya magunia ajizoeze kueleza utafiti wake. Jumatatu angesimama mbele ya walimu watatu. Wangechagua mwanafunzi mmoja wa kwenda miezi mitatu kwenye darubini za redio Afrika Kusini, na Namalwa alitaka awe wa kwao.

"Senje, sikiza. Darubini moja iliona mwanga umewaka angani, ukazima. Dakika mbili baadaye nyingine ikanasa mlio wa redio kutoka upande ule ule. Hakuna anayejua ni nini. Mimi nasema chanzo ni kimoja."

"Kama ni kimoja, mbona redio ichelewe?"

"Vilitoka pamoja. Lakini kati ya nyota kuna gesi nyembamba, inachelewesha redio kuliko mwanga."

"Kama pikipiki na lori kwenye matope."

"Hivyo hivyo!"

Namalwa akaacha kushona gunia. "Huo mwanga ulitoka mahali gani hasa?"

Fancy akaonyesha nukta kwenye kioo.

"Na redio?"

Fancy akazungusha kidole, duara kubwa lililoimeza nukta. "Humu ndani. Ile darubini haioni zaidi ya hapo."

"Na humo mna nini kingine?"

"Galaksi. Maelfu."

"Mashamba maelfu, barabara moja, na wewe unaniambia ni shamba moja kwa sababu vimefuatana?" Akamsimulia habari ya mkokoteni wa punda, bila kujitetea.

Fancy akanuna. "Sasa niwaambie sijui? Kimaiyo wa darasa letu naye anaomba, na atawapa jibu moja kwa kifua, bila kusita."

"Waambie huenda ni kimoja, ila duara ni kubwa. Wakitaka zaidi, wakupe darubini yenye macho mazuri. Si ndiyo unayoomba?"

Jumatatu Fancy akasema hivyo, neno kwa neno. Alhamisi orodha ikabandikwa. Kimaiyo ndiye wa kwenda. Fancy ni wa akiba.

"Umenikosesha, senje," alisema kwenye simu.

"Pengine. Huyo Kimaiyo ana pasipoti?"

"Sijui."

"Wewe je?"

"Sina."

"Kesho asubuhi tukutane Nakuru."

Walipofika ofisi ya pasipoti, foleni ilikuwa imeshapinda kona. Watu wanne mbele yao alisimama kijana mrefu mwenye bahasha ya kaki. Akageuka.

"Fancy! Niaje? Kumbe na wewe?"

"Poa, Kimaiyo. Huyu ni senje yangu."

Namalwa akampima kutoka viatu hadi kichwa. "Boss, nakala ya cheti cha kuzaliwa unayo?"

"Ninazo tatu, mathe."

"Na kitambulisho cha mzazi?"

Kijana akapigapiga bahasha, akacheka. "Vyote."

Namalwa akaitikia kwa kichwa, kama anavyomwitikia muuzaji aliyekataa kushuka bei. Kisha akamgeukia Fancy.

"Huyu anaenda. Wewe usitoke kwenye foleni. Pasipoti ni ya miaka kumi."