Albamu ya Aliyeshika Kamera

Ukimuuliza mwanamke huyu kazi yake atakuambia anashona, basi. Hatakutajia kompyuta iliyo kwenye kona ya chumba chake cha kushonea, iliyofunikwa kitambaa cha maua ambacho hakuna anayeruhusiwa kukigusa kabla ya kunawa mikono. Humo ndimo zilimo picha za ukoo mzima: za simu za ndugu zake wote, za wakwe, za watoto, hata zile za zamani za karatasi, ambazo alizipitisha kwenye mashine ya kunakili moja moja mpaka mgongo ukamuuma. Ni maelfu kwa maelfu. Ndugu zake walipiga picha kama watu wanaomwaga maji, kudeki wakamwachia yeye.

Alizipanga kwa albamu, na alikuwa na utaratibu wake. Kila picha iliingia kwenye albamu mbili: moja kwa waliomo, nyingine kwa aliyeipiga. Hiyo ya pili ilimletea kejeli zisizoisha. Nani duniani, walimuuliza, anajali kamera ilishikwa na nani? Kwa nini asifungue na albamu ya aliyenunua betri? Yeye aliwaacha wacheke mpaka wachoke, kisha akawaambia kwamba hata suruali hizo walizovaa hazikujishona zenyewe, na kurudi kwenye cherehani yake.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa kaka yake mkubwa. Huyo walimpachika jina la Mwenyekiti, kwa sababu hata mkiwa wawili jikoni mnamenya viazi atafungua kikao. Ndiye aliyefungua akaunti ya mtandaoni ya hiyo maktaba ya picha hapo zamani, na neno la siri alikuwa nalo, ingawa kazi yote aliifanya dada yake. Televisheni ya sebuleni kwake ilionyesha picha za maktaba zikipishana polepole, naye alipenda kukaa mbele yake akizitazama kama mtu anayefuatilia taarifa ya habari.

Mke wa Mwenyekiti, mama wa binti yake wa pekee, alimwacha miaka mingi iliyopita. Alifungasha vitu vyake mchana kweupe, akaenda kuanza maisha mji mwingine. Hakuiba, hakumtukana mtu. Lakini tangu siku hiyo jina lake halikutajwa tena katika ukoo ule, na Mwenyekiti akatoa hadithi moja ambayo wote waliipokea ilivyo: yule mwanamke hakuipenda nyumba ile hata siku moja, alikuwemo kimwili tu. Binti akakua na hadithi hiyo. Fundi wetu hakuikubali. Huyo alikuwa wifi yake, walikuwa wakichekeshana mpaka mbavu ziume, na hakuona kwa nini amkane eti kwa kuwa ndoa ya watu wengine imevunjika.

Sasa yule binti alikuwa na mimba yake ya kwanza. Akampigia shangazi yake simu, akinong'ona kama anayepanga wizi, akauliza kama zipo picha za siku aliyozaliwa, zenye mama yake ndani. Shangazi akamwambia zipo na atamtumia. Akamwambia pia aache kunong'ona, mama ni wake na hajamwazima kwa mtu.

Habari ikamfikia Mwenyekiti, maana katika ukoo ule habari hazijawahi kupotea njia. Akaja mpaka chumba cha kushonea, akakalia stuli ya wateja, akafungua kikao. Alieleza kwa kirefu kwamba maktaba imejaa na inahitaji kusafishwa, kwamba mtu aliyeondoka kwa hiari yake hana sababu ya kubaki kwenye albamu za watu, na kwamba binti yake asivurugwe akili katika hali aliyonayo. Dada yake alikuwa anashona pindo la gauni. Alimwacha amalize, akakata uzi kwa meno.

"Sifuti, kaka," akasema.

"Sijakuuliza kama utafuta."

"Najua. Na mimi nakupa taarifa tu."

Mwenyekiti akatoka amekunja uso, na alipofika kwake akaifanya kazi mwenyewe. Maktaba hizi zinatambua sura: unagusa uso wa mtu, zinakuletea kila picha aliyomo. Akaugusa uso wa yule mama, zikaja zote, akazichagua kwa mkupuo mmoja, akafuta. Wala hakuzitazama.

Kesho yake dada mtu akafunua kompyuta, akakuta albamu ya wifi yake haina kitu. Hasira zilimpanda mpaka akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Alijua picha hazijaenda mbali. Kinachofutwa huingia kwanza kwenye pipa la taka la maktaba, hukaa humo kwa muda, ndipo hupotea moja kwa moja. Angeweza kuzirudisha kimya kimya na kaka yake asijue. Akakataa. Wifi yake hakuwa mwizi hata aingizwe kwa mlango wa nyuma, na kilichorudishwa kwa siri kingefutwa tena siku yoyote, binti naye aendelee kunong'ona maisha yake yote. Alitaka zirudi mchana kweupe, kwa mkono ule ule uliozifuta. Ikishindikana, muda wa pipa ungekwisha na zingekufa, na hilo lilimtisha kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Wiki haikuisha, Mwenyekiti akarudi. Safari hii hakufungua kikao. Kulikuwa na picha moja aliyoipenda kuliko zote: yeye kijana, amekaa kwenye kiti cha hospitali, amempakata binti yake mchanga, machozi yanamtiririka wala hajali. Alikuwa akiisubiri ipite kwenye televisheni kila jioni, na sasa haipiti.

"Ile yangu na mtoto siioni," akasema. "Nadhani ni televisheni imeharibika."

Dada yake akafungua pipa la taka. Picha ilikuwemo. Mwenyekiti akang'aka kwamba hiyo ina watu wawili tu, yeye na mwanawe, hiyo mashine ina wazimu. Dada yake hakubishana. Akaikuza picha polepole. Nyuma ya bega la kaka yake, juu ya sinki la kunawia, palikuwa na kioo cha ukutani, na ndani ya kioo alisimama mwanamke amevaa gauni la wodini, kamera ameishikia kifuani, uso wote uko wazi. Mashine ilimwona. Yeye, miaka yote ya kukaa mbele ya televisheni, hakuwahi kumwona.

Mwenyekiti akaisogeza stuli karibu na kompyuta.

"Mtoe," akasema mwishowe. "Kata hapo kwenye kioo."

"Kata mwenyewe." Akamsogezea kipanya.

Akajaribu. Kioo kilikuwa kimepakana na kichwa chake, hivyo kila alipomwondoa yule mama, nusu ya uso wake mwenyewe iliondoka naye. Akajaribu huku, akajaribu kule, akabaki na sikio. Akaomba basi irudishwe hiyo moja tu.

"Zinarudi zote," dada yake akasema, "au hiyo nayo inakufa na wenzake."

Mwenyekiti akamkumbusha akaunti ni ya nani. Dada yake akakubali, ni yake, na kitufe hicho hapo, lakini kabla hajabonyeza chochote kuna kitu akione. Akafungua ile albamu nyingine, ya kejeli: picha zilizopigwa na wifi. Mwenyekiti hakuwa ameigusa, kwa kuwa uso wa mpigaji haumo. Humo mlikuwa na marehemu mama yao barazani, anacheka bila meno yake ya bandia. Binti na jino la kwanza. Binti na viatu vya shule vinavyompwaya. Mwenyekiti amelala kwenye kochi, gazeti usoni, na Mwenyekiti anaziba pancha ya baiskeli huku ulimi umemtoka kama mtoto anayejifunza kuandika. Zilishuka na kushuka, hazikuisha.

"Ulituambia hakuipenda nyumba ile," dada yake akasema. "Haya, futa na hizi. Mkono uliozipiga ni wake. Safisha maktaba, kaka."

Kidole kilikuwa juu ya kipanya, na dada mtu alijua kwamba kaka yake ni mtu wa kubonyeza. Hakusogeza mkono kumzuia. Mwenyekiti aliitazama ile ya mama yao, akaitazama tena, akapangusa pua. Kisha akarudi kwenye pipa la taka, akachagua zote, akazirudisha.

Alipofika mlangoni akageuka.

"Usimtumie zote kwa pamoja."

"Namtumia zote, leo hii."

Akamtumia, na ya kwanza ikawa ile ya hospitalini. Binti akajibu kwamba hiyo anaijua, ndiyo ile ya kwenye televisheni ya baba, lakini mama mbona hayumo? Shangazi akamwandikia aikuze, atazame kwenye kioo.

Akangoja huku amekaa mbele ya cherehani bila kushona. Simu ikaita.

"Shangazi," binti akasema, na safari hii hakunong'ona. "Mama anacheka."