Siku Karimi Alipokataa Kuonja Pombe

Mwanangu, siku niliyoaibika kuliko zote naikumbuka mpaka shati nililovaa. Nilikuwa mpakiaji wa viazi pale soko la Gakoromone, nimepanga chumba Majengo, na siku hiyo wazee wetu walikuwa wananipeleka Kiirua kumposa Karimi. Hofu ilikuwa imenijaa, ndiyo nikapitia kwanza kwa wenzangu nipate ujasiri kidogo. Ujasiri wenyewe ulikuwa chupa tatu!

Kwetu, posa ikifika, msichana huonja pombe ya asali mbele ya wazee. Akionja, amekubali. Baba yake Karimi akajaza pembe ya kunywea, akamwita. Karimi akaipokea, akanisogelea, akanusa. Kisha akaiweka chini.

"Leo sionji, baba. Huyu amekuja amelewa. Arudi siku atakuwa ananuka sabuni."

Nilitoka nje machozi yakinilenga, maana nilimpenda, mwanangu, nilimpenda sana. Baba yake akanifuata. Nikajua sasa nitatukanwa.

"Wewe Mwenda, jioni ukitoka kazi unaendanga wapi?"

"Kwa baa, mzee."

"Na kwa nyumba yako kuna nini?"

"Kitanda."

"Na huko baa?"

"Huko wananijua jina."

Akanishika bega. "Hata hapa tunakujua jina. Jumamosi kuja tulime viazi. Jioni utakula na sisi."

Nililima kwake misimu miwili. Wenzangu walinicheka, eti mimi ndiye nimeolewa, na sikufichi, kuna Jumamosi walizonishinda nguvu, nikaenda nao baa. Lakini nilirudi shambani. Karimi alipoishika ile pembe tena, aliinywa nusu nzima, wazee wakacheka mpaka wakakohoa.

Sasa wewe umepata kazi mjini na chumba chako. Sitakuwekea sheria, najua utazivunja. Nakuomba tu, kabla hujaingia baa ujiulize kinachokupeleka ni nini: uchovu, wenzako, hofu au upweke? Mimi ulinipeleka upweke, nami nikauita starehe. Nunua jiko, pika chakula cha kutosha wawili, mwite jirani mle. Na siku pombe ikikuzidi, usinikimbie kwa haya. Njoo hivyo hivyo ulivyo, nitakufungulia.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe kazi ya mikono yako, na akupe mtu wa kuuliza mbona leo umechelewa.