Huu Utazaa Lini?

Mtaani walimwita Narudi, na jina hilo alilipata kihalali. Miaka yote aliyoendesha malori ya masafa marefu, kila alipofungua geti kutoka alimwambia mkewe neno hilo moja, kisha akapotea wiki tatu, mwezi, wakati mwingine mpaka mtoto aliyemwacha anatambaa akamkuta anakimbia. Tusimwonee, hakuwa mwongo. Alirudi kweli, na mikono mitupu hakurudi. Ila kurudi ni jambo moja na kukaa ni jingine, na hilo la pili hakuna aliyewahi kumfundisha.

Sasa alikuwa amestaafu, na kustaafu kulimkaa kama koti la mtu mwingine. Alikwisha kukaza bawaba za milango isiyokuwa na kasoro. Alikwisha kupanga upya vyombo vya jikoni, mpaka mkewe akamwomba kwa adabu atoke humo. Akikaa kwenye kiti, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu kana kwamba kuna ng'ombe anakatiza mbele. Lori likipita barabara kuu alitega sikio, akamlaumu dereva kwa kuchelewa kubadili gia, naye dereva mwenyewe keshafika kilima cha pili. "Mkaa bure si sawa na mtembea bure," alipenda kusema, akainuka, akaizunguka nyumba mara nyingine, asiokote kitu.

Mkewe alikuwa mkunga wa zahanati ya jirani, mwanamke wa maneno machache na macho yasiyopitwa na jambo. Ndiye aliyeleta habari ya miti ya matunda. Ua wao ulikuwa mpana lakini mtupu, haukuwahi kuota jani la maana, kwa sababu miaka yote palikuwa mahali pa kulaza lori. Sasa lori limerudi kwa wenyewe, alisema mkunga, na mvua ziko karibu, basi tupande miti. Alilisema kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Narudi hakudanganyika na sauti. Siku walipooana aliahidi kwamba akiliacha lori atakaa nyumbani wazeeke pamoja, na mkunga aliingoja ahadi hiyo miaka yote bila kuitaja hata mara moja. Ndiyo iliyokuwa inaulizwa sasa, na Narudi aliogopa. Anayedai kwa kelele unaweza kumjibu kwa kelele. Anayengoja kimya utamjibu nini?

Akaenda kwenye kitalu cha miche cha shemeji yake, mdogo wa mkunga, bwana mwenye tumbo la kicheko na ulimi usiolala. Shemeji akamtembeza katikati ya safu za viriba, akisifia kila mche kama mzazi anayetafutia binti zake wachumba. Narudi hakuuliza habari ya utamu wala ukubwa wa tunda. Kila mche aliuuliza swali moja: huu utazaa lini?

Mwembe ule wa kubebeshwa, yaani wenye kikonyo kilichotoka kwa mti unaozaa tayari, miaka mitatu au minne. Mparachichi nao hivyo hivyo, ukitunzwa. Wa mbegu je? Hapo shemeji alitazama juu, akasema miaka saba, na ukiwa na bahati mbaya, zaidi. Mchungwa mitatu. Mstafeli mitatu, minne. Narudi alijikuna shingo. Miaka minne amekaa mahali pamoja, akiangalia jani linaota, na jani haliendi popote. Alijisikia kama mtu aliyefungiwa chumba kisicho na dirisha.

"Na huu?"

"Mpapai. Huo mwaka tu, wakati mwingine hata haujatimia."

"Basi nipe hiyo. Nipe mipapai mitupu."

Shemeji alicheka mpaka akashika kiuno. "Shemeji, mpapai ni mti wa mpangaji. Anaupanda, anakula, anahama. Wewe una nyumba yako. Unakwenda wapi?"

"Siendi popote," alisema Narudi, haraka kuliko alivyokusudia. "Napenda mapapai tu."

Shemeji akamuuliza kayapenda tangu lini, maana kwenye harusi ya binti yake mwenyewe watu walimwona anayasukuma pembeni ya sahani. Narudi aliinama kuokota viriba. Alipakia toroli, akaondoka na mipapai yake, na mzaha wa mvumilivu hula mbivu ukimfuata mpaka barabarani.

Mkunga aliitazama ile mipapai kama anavyomtazama mama aliyekuja zahanati na uchungu wa uongo. Hakugomba. Alisema kazi yake yote ni vitu visivyotoka kwa kuharakishwa, na kama yeye angekuwa na pupa ya mumewe, nusu ya mtaa huu ingezaliwa haina masikio. Siku ya pili alimshika mkono mbele za watu, akamrudisha kitaluni, akachagua mwenyewe. Miembe miwili ya kubebeshwa, michungwa miwili, mstafeli, na mparachichi mmoja wenye shina la kupendeza, ambao aliubeba kifuani njia nzima na hakutaka uwekwe kwenye toroli. Mipapai aliacha miwili ibaki, ili mwenye njaa asife akingoja mingine.

Alipokuwa anatoka kwenda kazini asubuhi iliyofuata, alimwachia mumewe kazi moja. Achague pa kupanda kila mti, achimbe mashimo, achanganye samadi na udongo wa juu. "Wewe ndiye unayeijua ardhi hii," alimwambia. "Popote utakapochagua, mimi nimekubali."

Narudi alianza kivivu, jembe likienda upande na mawazo upande. Ndipo simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa utingo wake wa zamani, yule ambaye Narudi alimfundisha kufunga turubai na kusoma barabara ya milimani. Leo ni tajiri mwenye malori yake, lakini bado alimwita mkuu. Alikuwa na lori jipya na mzigo mrefu wa kuvuka mipaka, na dereva wa kuaminika hakuna, vijana wa siku hizi wanaua injini. Alisema ni safari chache tu, mkuu, usinitupe. Jumamosi angelileta lori alione kwa macho. Narudi hakusema ndiyo. Na hapana hakuisema. Alisema tutaonana, akairudisha simu mfukoni, na kutoka hapo jembe likawa jepesi. Alichimba akipiga mluzi, jasho likimtiririka, na kabla ya mchana mashimo yote yalikuwa wazi, mazuri, yenye kingo zilizonyooka. Alijisikia furaha ambayo hakuijua tangu astaafu, na hakujisumbua kuiuliza imetoka wapi.

Mkunga alirudi alasiri. Alisimama getini na kikapu chake, akatazama ua. Mashimo yalikuwa yamefuata ukuta, moja baada ya jingine, kila moja na kijiti cha kuonyesha mti wake, michungwa kushoto, miembe ikijikunyata kwenye kona pasipotosha hata mwembe mmoja ukikua, mstafeli umebanwa nyuma ya tangi la maji. Katikati palikuwa peupe.

Aliweka kikapu chini. Alianza kutembea kutoka getini, akakunja kushoto taratibu, akapita karibu na mashimo ya michungwa bila kuyagusa, akafika kwenye tangi, akasimama, akarudi kinyumenyume akikunja kulia, mpaka uso wake ukaelekea geti tena. Kisha akamtazama mumewe.

"Linaingia hapa, linageuka pale, linatoka," alisema. "Umeniachia nafasi ya lori, baba watoto. Lori gani?"

Narudi alifungua kinywa aseme anamzulia. Akatazama ua, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akauona. Aliona mzunguko mzima, mahali tairi la mbele litakapopita, mahali tela litakapokata kona, shubiri moja kutoka ukingo wa shimo. Hakuwa amepanga. Kila alipoweka jembe mahali pa wazi mkono ulikataa, ukasogea, ukasema hapa pataziba. Alikuwa amechimba bustani yote kwa vioo vya pembeni. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, maana hata uongo wenyewe alikuwa hajautunga, mwili umemtangulia.

Akamweleza habari ya simu. Mkunga alisikiliza amesimama.

"Sikukatazi," alisema alipomaliza. "Ukienda, nenda. Lakini hii miche irudi kwa mdogo wangu kabla hujaondoka. Watoto niliwalea peke yangu na nikanyamaza, kwa sababu watoto hawarudishwi. Miti inarudishwa. Sitasimama hapa na ndoo kila jioni namwagilia kiti chako kitupu."

Akaokota kikapu, akaingia ndani. Hawakugombana. Afadhali wangegombana. Siku mbili zile walipishana ndani ya nyumba kama wapangaji wanaoheshimiana, karibu chakula, asante, chai iko mezani. Miche ilikaa barazani kwenye viriba vyake, na kila mmoja aliimwagilia mwenzake akiwa hayupo.

Ijumaa, mkunga akiwa zahanati, Narudi alichukua sururu akaenda katikati ya ua. Hakuwa ameamua kitu, na tusimpambe kwa sifa ambazo hakuwa nazo. Alikuwa amechoka tu kuzunguka. Pigo la kwanza lilimrukia mikononi mpaka meno yakagongana. Ardhi ile ilikuwa imekanyagwa na matairi yake miaka na miaka, ikawa kama sakafu. Kwenye ukuta alichimba kwa mluzi, hapa alichimba kwa matusi. Alitoa kokoto zilizonuka oili, akatoa bolti yenye kutu, akatoa kipande cha tairi. Mara mbili alilitupa sururu, akaenda getini, akatazama barabara, akarudi. Jua lilipoanza kuinama alipata shimo lenye kina. Akalijaza udongo laini na samadi, akauweka ule mparachichi ambao mkewe aliubeba kifuani, akaushindilia kwa viganja. Ulikuwa hauzidi kimo cha goti. Mkunga alipoingia aliuona, akapita pembeni yake.

Jumamosi honi ilisikika. Tajiri hakuwa na habari ya mambo ya nyumbani kwa watu. Alifungua geti mwenyewe akaingiza pua ya lori kwa mbwembwe, akafunga breki ghafla mbele ya mche.

"Mkuu, ni nani kapanda mti katikati ya njia? Nitageuzia wapi?"

"Hutageuza," alisema Narudi. "Nipishe, nione kwanza gari."

Akapanda. Tajiri alimpisha usukani kwa heshima, akashuka kwenda kutazama matairi. Kiti kilikuwa bado na nailoni yake. Injini ilinguruma chini kwa chini, sauti safi isiyo na kikohozi, na mguu wa Narudi ukapata kitu ulichokuwa unakitafuta sakafuni miezi yote hii. Alitamani kwenda. Alitamani mpaka kifua kikamuuma, akaona barabara nzima, mizani, vilima, vibanda vya chai, alfajiri ya mpakani, na hakuna hata sehemu moja ambayo mtu anamngoja kimya. Mkunga alikuwa amesimama mlangoni. Walitazamana kupitia kioo. Narudi alikaa mle ndani muda mrefu, mkewe akaona inatosha, akageuka akaingia jikoni.

Ndipo aliposhuka. Alimwambia tajiri lori ni zuri, na amtafute mtu mwingine. Tajiri alibembeleza, akaapa, akataja safari moja tu, ya kwanza na ya mwisho. Narudi alikwisha kuzunguka nyuma ya gari. Akainua mikono, akaanza kumwongoza kinyumenyume, njoo, njoo, kata kushoto, nyoosha, kazi ya utingo, yule aliyekuwa utingo akitii mkono wa mkuu wake mpaka magurudumu yakakanyaga lami. Narudi akabaki barabarani hata ngurumo ilipokwisha masikioni. Kisha akafunga geti.

Jikoni mkunga alikuwa anachambua mchele, amempa mgongo.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Na wewe?"

Narudi alifikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo hakulizoea. "Leo nimebaki."

"Na kesho?"

"Kesho siijui, mama watoto. Nikisema naijua nitakuwa nakudanganya."

Mkunga akageuka, akamtazama usoni. Miaka yote alipewa majibu ya haraka, na hili lilikuwa la kwanza ambalo aliliamini.

"Basi kesho nitakuuliza," alisema. "Na keshokutwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uache kuniuliza mpaka lini."

Akamsogezea sinia. Narudi akavuta kigoda, akaanza kuchambua, na kwa pupa yake akausukuma mchele hata ukamwagika sakafuni. Mkunga hakumwambia atulie. Aliinama akauokota punje kwa punje, akaurudisha kwenye sinia mbele yake.