Kisu cha Mkono wa Kushoto

Mie hasira zangu bado hazijapoa, na sitaki mtu anambie nisamehe.

Nilikuwa ndio kwanza naanza kukusanya visu. Nna viwili tu ukutani, cha mkwezi wa minazi na cha mvuvi wa pweza, nshajiona bingwa. Nilichokitamani ni jambia, lile jisu lililopinda la kuvaliwa kiunoni harusini. Ndipo nikaingia kwenye duka la vitu vya kale Mji Mkongwe.

Mwenye duka akanimiminia kahawa, akanisomesha. "Bibie, kisu cha zamani usikisugue kutu. Kutu ndiyo hati yake." Akanitolea jambia lenye kutu. "Wallahi ni lenyewe, bibie, la babu wa babu." Pesa zangu hazikufika. Akasema basi, jazia kisu cha jikoni cha kizamani, wageni wanavipenda.

Nikajazia kisu cha mama.

Mama hutumia mkono wa kushoto. Utotoni walimchapa mpaka akajua kula na kuandika kwa kulia, lakini kwenye kisu walimshindwa. Kisu chake alikinoa mwenyewe ukingoni mwa roshani yetu ya Michenzani, upande mmoja tu, ule unaoutii mkono wake. Akikata kitunguu cha kachumbari, kinakuwa chembamba hata mwanga unapita. Mie nikikishika, nyanya inakwenda upogo. Nikakiona kibovu. Mjinga mie!

Alipokiulizia, nikamdanganya kiko kwa fundi.

"Mwambie upande mmoja tu," akasema. Wiki zile hatukula kachumbari. Visu vingine vilimkataa, naye hakunilaumu, kila Jumamosi aliuliza tu kama fundi kamaliza. Afadhali angenitukana.

Siku moja nikalipeleka jambia langu kwa mnoa visu Darajani, nijisifie. Akalikwaruza kwa msumari, akacheka hata mate yakampalia. "Hii springi ya gari, dada. Kutu yake ya maji ya chumvi. Limezaliwa juzi hili!" Na watu wote pale wakacheka.

Sijui nilifikaje dukani. Nakumbuka nilivyolibwaga lile jambia juu ya meza na wageni wakarudi nyuma.

"Muongo mkubwa we! Huna haya?"

"Taratibu, bibie, kuna wageni..."

"Na wasikie! Pesa kula, zikutokee puani. Nipe kisu cha mama yangu!"

Kilikuwa ndani ya kabati la kioo, kimewekewa kikaratasi: kisu cha nahodha wa zamani. Nahodha! Kisu kilichozaliwa kukata bamia! Nilikijua kwa alama ya moto mpinini tu, maana kilikuwa kinang'ara kama kijiko kipya.

"Si ulinambia kutu isiguswe?"

"Hiki cha kuuza, bibie. Nimekisugua, nimekinoa vizuri. Sikutozi kitu."

Eti hanitozi! Nikakinyakua, nikatoka namlaani mpaka mwisho wa kichochoro.

Nyumbani mama alifurahi, uso wake wote ulifunguka. Akavuta kibao, akaweka kitunguu, akakishika kisu kwa kushoto. Kikateleza. Akajaribu tena, kipande kikatoka kinene upande mmoja, chembamba upande wa pili. Hapo ndipo nikaelewa "vizuri" ya yule mwanaharamu ilikuwa nini. Alikinoa pande zote mbili.

Mama akapitisha kidole kwenye makali, taratibu.

"Mwanangu, hiki si changu. Umeletewa cha dukani."

Nikamwonesha alama ya moto. Akatikisa kichwa, akakiweka chini.

"Wallahi ni chenyewe, mama," nikasema. "Wallahi."

Maneno yaleyale ya yule muongo, na sasa yanatoka kinywani mwangu.