Besi Iliyopotelea Katikati ya Kanisa

Saa mbili asubuhi, kwenye kibanda chake cha Ngara, Shiko Wainaina anagusisha betri ya redio kwenye nyaya za spika. Karatasi ya mdomo wa spika inasukumwa nje. Anajaribu spika ya pili, nayo inasukumwa nje. "Sasa ziko sawa," anasema, na kupaka rangi ya kucha ya buluu kwenye kila skrubu, alama yake tangu zamani.

Betri ni desturi mpya. Zamani alijiamini mno.

Kwa miaka tisa fundi huyu wa miaka 43 aliendesha mitambo ya sauti katika kanisa moja mtaani Waithaka, kwa shilingi elfu nne kila Jumapili. Mwaka jana wazee wakampa kazi hiyo Lenox, ambaye Shiko ndiye aliyemfundisha hata kuunganisha waya kwa risasi ya kuyeyusha.

"Nilimwonea wivu, sitadanganya," anasema. "Nikimwona pale mbele, hata chai haishuki."

Punde besi, ile sauti nzito ya chini, ikapotea. Aliyekaa karibu na spika moja aliisikia vizuri, lakini waliokaa katikati hawakupata kitu.

Shiko alijua kwa nini. Spika mbili zikisukuma hewa kwa pamoja, mawimbi yao hukutana na kuongezana. Nyaya za moja zikigeuzwa, hiyo huvuta wakati mwenzake anasukuma, na mawimbi yakikutana yanafutana. "Ni kama mlango, wewe unasukuma huku, mimi nasukuma kule. Hautaenda mahali."

Alijua, akanyamaza Jumapili nne. "Nilikuwa nafika mapema nipate kiti cha katikati," anakiri. Waumini walinung'unika, wazee wakaanza kumtazama Lenox kwa jicho baya, na Shiko moyo ukamtulia.

Kisha Lenox akaja kibandani amebeba spika ya kushoto. "Madam, waya za nje zote nimeangalia. Nisaidie kucheki ndani."

Shiko akaipokea kwa madaha, akaigeuza. Kila skrubu ilikuwa na rangi ya buluu. Kazi yake ya mwisho pale kanisani ilikuwa kubadilisha koili, waya uliosokotwa ndani ya spika hiyo, na nyaya alizigeuza mwenyewe kwa makosa.

"Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia, Lenox, hii ni mkono yangu."

Lenox alisema tu, "Sawa, Madam, turekebishe kabla ya mazoezi ya kwaya."

Jumapili besi ikajaa kanisa zima. Mzee alipouliza, Lenox akajibu kwamba waya ilikuwa imegeuka. Hakumtaja mtu. Wazee watajua leo, wakisoma gazeti hili.

"Hapo ndipo wivu ulinishika kabisa," Shiko anasema. "Kazi ningemwachia. Lakini na roho nzuri pia ni yeye?"

Jumamosi ijayo ana kazi ya harusi mtaani Loresho inayotaka spika nne. Yeye ana mbili, Lenox mbili. Wamekubaliana kwenda pamoja, na Shiko anatumaini siku moja watafungua duka moja.

"Zake nitazipima na betri," anasema. "Na zangu azipime yeye."