Kwini Aliyebeba Kikapu

Enzi zetu, kule karibu na Kaplong, kwenye mashamba ya chai, mvua ilikuwa na ratiba. Asubuhi jua liliwaka na majani ya chai yakameta. Alasiri wingu lilishuka, na mvua ya mawe ikapiga mabati hadi watu wa nyumba moja wakazungumza kwa ishara. Hakuna aliyechuma chai, hakuna aliyetumwa dukani. Katika saa hizo za kufungiwa jikoni, katikati ya moshi na harufu ya mahindi ya kuchoma, ndipo kizazi chetu kilipojifunza kucheza karata.

Mimi na kaka yangu Kiprono tulifundishwa na Akinyi, rafiki yangu wa darasani. Wazazi wake walikuwa wamehamia kwetu kutoka upande wa ziwa, na babake alifanya kazi katika kiwanda cha chai. Alikuja na karata za babake ndani ya soksi, akatufundisha mchezo tulioujua kwa jina la kadi tu. Mbili na tatu zinamlisha jirani yako karata zaidi. Jeki anamruka mtu. Mfalme anaurudisha mchezo ulikotoka. Kwini ni swali, na swali halikubaliwi kubaki bila jibu. Ukikaribia kumaliza, sharti utangaze kwa sauti, "Niko kadi!" Usipotangaza, hujashinda, hata ukibaki mikono mitupu; unaokota karata nyingine.

Mama alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na machoni pake karata zilikuwa mlango wa kamari. Siku alipotukuta hakupaza sauti. Alimwinua mfalme mmoja kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Huyu mzee wa ndevu na upanga ni nani? Mnajua kwao?"

Hatukujua.

"Na huyu msichana mwenye ua? Ni binti wa nani?"

Hatukujua pia.

"Basi mnakaa jikoni kwangu na watu msiowajua."

Akazitia zote motoni, chai ikachemkia juu yake. Akinyi hakulia. Alichukua soksi tupu ya babake, akatoka kwenye mvua. Hakuja kesho yake, wala wiki iliyofuata, na shuleni akahama dawati letu.

Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba mzazi humaanisha kile hasa anachokisema. Mama alikuwa amelalamika kwamba hatuwajui watu wa karata. Hakuwa amesema neno lingine. Nikaazimia kumtengenezea karata za watu anaowajua, na nikaapa kwamba Akinyi atarudi jikoni kwetu.

Tulikata katoni ya mafuta ya kupikia kwa kisu cha Mama, tukachora upande wa ndani kwa kalamu ya wino. Jeki akawa turnboi, yule utingo wa lori la majani ya chai, aliyezoea kuruka kabla lori halijasimama. Mfalme akawa karani wa mizani pale kituo cha kupimia chai, na kofia yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumwambia mtu, "Rudi na majani yako nyumbani." Kwini hatukuhitaji kujadiliana: tulimchora Mama, kikapu mgongoni. Kasoro ilikuwa moja. Migongo ya karata ilikuwa na maandishi ya katoni na vipande vya picha yake ya mnazi, na mwenye nusu ya mnazi alijulikana na wote. Tulizificha chini ya sweta za shule kama kuku anayeatamia.

Nilimpelekea Akinyi karata hizo. Alipomwona jeki alicheka, kisha akanitazama sana. "Mamako akichoma hizi tena, mimi sirudi kwenu. Kabisa."

Alikuja. Na siku hiyo mvua ya mawe ilimrudisha Mama mapema kutoka shambani, aproni yake ya nailoni ikichuruzika maji. Akamwokota kwini.

"Huyu mwenye kikapu ni nani?"

Moto ulikuwa hatua moja kutoka mkononi mwake. Nikamjibu, "Ni wewe, Mama."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

Akinyi ndiye aliyejibu, kwa heshima, macho chini. "Ni kwa sababu kwini anauliza, Mama. Na lazima ajibiwe."

"Kwani mimi nauliza sana?"

"Hata sasa unauliza," Kiprono akasema.

Mama aliutazama moto, akamtazama turnboi, akamtazama karani na kofia yake. Midomo ikaanza kumcheza. "Pua yangu si kubwa hivi," akasema, akavuta kigoda. "Nigawieni."

Alicheza kwa hasira ya mtu anayepalilia. Alipoweka karata ya mwisho aliinua mikono juu, na Akinyi akamwambia kwa upole, "Mama, hukusema niko kadi. Okota."

"Kwani hamkuona nimebaki na moja?"

"Kuona tumeona. Lakini hukusema."

Mama akaokota. Siku ya soko, kiongozi wa akina mama alinunua karata mpya, akazifunga ndani ya leso, akazipeleka mwenyewe kwa babake Akinyi.

Leo naishi mjini Kericho, shahada yangu imetundikwa ukutani, na mwanangu Kibet hucheza kadi kwenye simu. Simu inachanganya, simu inagawa. Hata "niko kadi" inamsemea. Kazi yote imebaki kwa kidole gumba. Juzi nilimuuliza anacheza na nani.

"Sijui, Mum. Watu tu."

"Unajua kwao?"

Nilimsikia Mama kinywani mwangu. Simu sikuichoma. Nilileta mkasi na katoni, nikamwambia achore mfalme, lakini awe mtu anayemjua. Kalamu ikaganda hewani. Hata mlinzi anayemfungulia lango kila asubuhi hakumjua kwa jina. Sisi tulikuwa maskini wa karatasi, ila watu wa kuchora tulikuwa nao hadi tukachagua. Hapo nilihuzunika, nakiri. Lakini mkasi sikuuweka chini. Kibet alishuka langoni kuuliza, akakawia, akarudi ameloa, akiwa na jina la mlinzi: mfalme wake wa kwanza.

Jumapili hii Mama anakuja. Karata ziko tayari, isipokuwa kwini mmoja. Nimemchora kikapu na kitambaa cha kichwa, na usoni nikaacha nafasi. Safari hii pua ataichora mwenyewe.